Uzoefu wangu: Philadelphia mtaa kwa mtaa, kwa tramu na kwa miguu

Nitoe hukumu kwanza, maelezo yafuate. Kama unakwenda Philadelphia na muda wako ni mfupi, hela ya basi la watalii ipeleke kwenye chakula, halafu panda tramu. Nimevijaribu vyote viwili. Basi la ghorofa mbili (kampuni siitaji) lilinipa kiti cha juu, upepo wa kukata masikio na sauti ya kurekodiwa iliyokuwa inasimulia jengo tulilokwisha kulipita. Lilizunguka katikati ya jiji tu, na wenyeji wengi wa Philadelphia hawaishi hapo.

Sisemi katikati hakuna kitu. Ukumbi wa Independence, ambamo Azimio la Uhuru wa Marekani lilipitishwa mwaka 1776 na Katiba ikaandikwa mwaka 1787, uko palepale, na Kengele ya Uhuru yenye ufa unaiona bure. Lakini kilichonisimamisha mimi kiko hatua chache kutoka kwenye kengele, kona ya barabara ya 6 na Market: kiwanja cha nyumba aliyoishi George Washington akiwa rais. Humo alikuwa na watumwa 9, na majina yao yamechongwa kwenye ukuta wa mawe. Mmoja wao, Oney Judge, alitoka mlangoni mwaka 1796 wakati wenye nyumba wanakula, akatokomea. Washington alimtafuta lakini hakufanikiwa kumrudisha. Pita hapo kabla ya kupanga foleni ya kengele.

Sasa usafiri. Mabasi, tramu na treni za mjini ni za SEPTA, shirika la usafiri la huko, na huna haja ya kununua kadi yao; kadi ya benki ya kugusa inakubalika. Nauli tangu Septemba 2025 ni dola 2.90, na ndani ya saa mbili unaweza kubadilisha gari bila kulipa upya. Kupotea ni vigumu. William Penn alipoanzisha mji mwaka 1682 aliupanga kwa mistari iliyonyooka: barabara za kaskazini-kusini zina namba, na nyingi za mashariki-magharibi pale katikati zina majina ya miti, Chestnut, Walnut, Spruce, Pine. Ukiambiwa "45 na Baltimore" umeshafika. Kwa sisi tuliozoea kuelekezwa "ukifika kwenye transfoma uliza hapo," hii ni raha.

Tramu ninayoipenda ni T2, ambayo wazee wa mjini bado wanaiita 34. Inapita chini ya ardhi, inaibuka barabara ya 40, kisha inafuata Baltimore Avenue. Shuka 43. Hapo pana bustani ya Clark, na Jumamosi wakulima wanauza mboga na matunda pembeni ya sanamu ya Charles Dickens, ambaye sikutegemea kumkuta huko. Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ambako Kiswahili kinafundishwa, kiko karibu, kwa hiyo usisengenye watu kwa Kiswahili ukidhani uko salama. Migahawa ya Waethiopia iko jirani pia. Sinia moja la injera linatosha watu wawili wenye njaa ya kweli. Nyumba za huku nyingi zimegusana ukuta kwa ukuta na zina varanda kwa mbele. Jioni watu hukaa hapo kama tunavyokaa barazani, wanasalimia wapita njia na kujua nani kachelewa kurudi kazini.

Lakini chakula kilichonifanya niandike haya yote nilikipata kwenye laini nyingine, T4, inayokwenda Woodland Avenue kusini-magharibi mwa jiji. Huko Waliberia na watu wengine wa Afrika Magharibi wamejaa: maduka ya vitenge, saluni za kusuka, samaki wa moshi ndani ya maboksi, mawese kwenye madumu. Niliingia kimgahawa chenye meza chache nikaona sufuria ya kitu cha kijani. Kisamvu! Mama aliyekuwa anapakua akaniuliza natokea wapi. Nikamwambia Tanga.

"Na nyinyi mnakula majani haya?"

"Tunakula, mama. Kwa nazi."

Akashtuka. "Nazi? Kwenye majani ya muhogo?" Akamwita mwenzake jikoni aje asikie. Chake kilikuwa na kuku, nyama na samaki wa moshi humohumo, pilipili bila huruma, mawese yanaelea juu, na wali pembeni. Watu wa Kigoma wangekaa hapo wasiondoke. Mimi nilikula nikitokwa jasho, na kwa ukaidi wa Kitanga bado nasema nazi inashinda, ila sahani niliimaliza.

Kusini mwa jiji nenda kwa miguu. Anzia kona ya 6 na Lombard, kwenye kanisa la Mother Bethel. Ardhi yake imekuwa mikononi mwa Wamarekani weusi tangu miaka ya 1790, enzi za Richard Allen, mtumwa aliyejikomboa akawa askofu. Kaburi lake liko humohumo chini. Kutoka hapo teremka hadi soko la Waitaliano, barabara ya 9. Jina limebaki la Kiitaliano na maduka ya jibini yapo, lakini nusu ya harufu unayosikia ni mahindi ya tortilla, maana Wamexico, wengi wao kutoka Puebla, wamefungua biashara humohumo. Ukifika Washington Avenue unakutana na Wavietnamu. Hakuna aliyemfukuza mwenzake; watoto wa wale wa kwanza walihama, wageni wakapanga vibanda.

Chinatown, mtaa wa Wachina wenye lango la mwaka 1984 kona ya 10 na Arch, iko hatua chache kutoka katikati. Ilinusurika kujengewa uwanja wa mpira wa kikapu ubavuni: wakazi walipiga kelele, baraza la jiji likapitisha hata hivyo Desemba 2024, na mwezi uliofuata wenye timu wenyewe wakabadili mawazo. Germantown ni mbali kidogo, basi namba 23, lakini ndiko watu wanne walikotia saini mwaka 1688 waraka wa kupinga utumwa.

Mapungufu yapo. Tramu za T ni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, zina ngazi za kupandia na hazipandiki kwa kiti cha magurudumu. Treni ya L nayo inapita Kensington, ambako dawa za kulevya zimeumiza watu hadharani. Usishuke na kamera, wale si maonyesho.

Ukiwa na mzazi mwenye magoti mabovu, basi la watalii linaeleweka, ila kaa chini, siyo juu. Wengine wote: T4, tumbo tupu, na maji ya kutosha kwa ile pilipili.