TAHADHARI: Mnaokwenda Basilika la Mtakatifu Paulo, Roma, msinunue "tiketi" njiani

Nimeingizwa mjini, tena Roma kwenyewe, tena rozari mkononi. Chekeni kwanza, kisha msome.

Tumeshuka metro kituo cha Basilica San Paolo, sisi wanne na vitenge vyetu vya WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania). Hatujapiga hata hatua kumi, kijana wa shati jeupe, kitambulisho shingoni: "Tumsifu Yesu Kristo!" Kwa Kiswahili, jamani! Mama mkubwa akaitikia "Milele amina!" mpaka watu wakageuka. Nikajua huyu kalelewa na wamisionari. Ungekuwa wewe je? Siku ya tano hatujasikia neno la kwetu.

Akaanza kusimulia. Usiku wa Julai 15, 1823, mafundi walikuwa wametoka kutengeneza paa, moto ukashika, kanisa likateketea. Papa Pius wa Saba mahututi kitandani, wakamficha habari hiyo, akafariki mwezi uliofuata bila kujua. Mama mkubwa machozi, mimi machozi. Na hayo yote ni kweli, ndiyo maana yananiuma! Kisha kwa upole: mchango wa ukarabati pamoja na kupita Mlango Mtakatifu, ule unaofunguliwa mwaka wa Jubilei, euro 35 kwa kichwa. Nikahesabu 140, mnajua zilivyopatikana, nikamkabidhi, naye akatupa tiketi. Akatubariki. Yaani akatubariki!

Kwenye ukaguzi mlinzi akazitazama zile tiketi, akamwita mwenzake. "Gratis, signora." Kuingia bure. Mlango wa Jubilei nao ulikuwa bure. Na kanisa lilitabarukiwa upya mwaka 1854! Nimelipia moto uliozimika enzi za babu wa babu yangu. Ndani nguzo 80 za mawe, sura za mapapa zimezunguka ukuta juu, kaburi la Mtume liko pale chini ya altare, nami nimepiga magoti nawaza 140.

Dalili zilikuwepo. Tiketi ina picha ya kuba la Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani; kwa Paulo hakuna kuba lile. Kadi hataki, risiti hana. Kinacholipiwa ni kuona ile bustani ya watawa, na hapo unalipa humohumo ndani.

Mwizi wa mahujaji huyo afungwe! Akitoka, nguzo 150 za uwanja wa mbele azisugue zote kwa mswaki, sanamu ya Mtakatifu Paulo imemsimamia pale na ule upanga wake.