Lenzi ya sonara ya mara 10 kwa sarafu za Kirumi zilizolika

Lenzi hii ya kukunja, inayokuza mara 10 na wanayotumia masonara wa Mjini Unguja, inatosha. Ya mara 20 usiihangaikie: mwanga haba, na kinachoonekana ni kipande tu. Zima taa ya juu, laza tochi ubavuni, zungusha sarafu polepole. Herufi zilizolika huchomoza kwa kivuli chake. Anza na kichwa cha mtawala upande wa mbele. Kwenye sarafu ndogo, taji la miali ya jua huashiria karne ya 3. Utepe wa lulu kichwani, mfalme wa Roma Constantine na waliomfuata. Nyuma askari wawili, bendera katikati? Maandishi ni GLORIA EXERCITVS (Kilatini, "utukufu wa jeshi"), kati ya mwaka 330 na 341. Kasoro ya lenzi: skrubu ya bawaba hulegea. Na usisafishe sarafu kwa ndimu, iachie samaki. Asidi hula kutu pamoja na herufi.