Pale maji yasipofaa: mfumo upi wa kuzima moto ununue, na upi uuache

Kile kichupa chekundu cha kioo kwenye kinyunyizio cha dari hupasuka joto likifika nyuzi 68 hivi, na maji humwagika pale palipo na moto tu, si jengo zima kama sinema zinavyotuonyesha. Kwa ofisi, ghala au bweni, nunua hicho, huna haja ya kuendelea kusoma. Shida ni vile vyumba ambavyo maji yenyewe ni hasara: chumba cha seva, hifadhi ya nyaraka, jiko lenye vikaangio vya mafuta, chumba cha jenereta. Hapo ndipo fedha hupotea, kwa sababu mnunuzi huuliza bei ya mitungi ya gesi ya kuzimia moto kabla hajajua chumba chake kinavuja kiasi gani.

Gesi haizimi moto kwa kupita, huuzima kwa kukaa. Kipimo kinachotumika sana ni ibaki chumbani katika kiwango chake kwa dakika 10, ili kilichokuwa kinaungua kipoe na kisiwake tena. Kwa hiyo kabla ya kulipia chochote, mwite fundi mwenye feni ya kupima uvujaji. Anaziba mlango kwa turubai, feni ikiwa katikati, inasukuma hewa ndani. Kisha anazunguka na kichupa cha moshi karibu na kuta. Uzi wa moshi unapanda taratibu, halafu ghafla unapinda na kumezwa nyuma ya kabati, kwenye tundu alilotoboa mtu wa intaneti kupitisha nyaya na asilizibe. Tundu kama hilo linaweza kukumalizia gesi yote, na kuliziba ni kazi ya nusu saa.

Chumba kikishaziba, upangaji wangu ni huu.

Ya kwanza ni gesi ajizi, yaani isiyoungua: nitrojeni tupu, agoni tupu, au mchanganyiko. Mchanganyiko unaoitwa IG-541 una nitrojeni asilimia 52, agoni 40 na kabonidioksaidi 8, na hiyo 8 imewekwa makusudi ili aliyebaki ndani apumue kwa kina oksijeni inapopungua. Kwa kawaida oksijeni hushushwa hadi asilimia 12 au 13: moto unakosa nguvu, mtu anapata muda wa kutoka. Ninaiweka juu kwa sababu moja kubwa: gesi hizi zinatoka hewani na zinarudi hewani, hakuna mkataba wa kimataifa utakaokuja kuzipiga marufuku mitungi ikiwa ukutani kwako. Waliofunga haloni, gesi ya zamani ya kuzimia moto, wanajua uchungu huo. Utengenezaji wake ulikoma mwanzoni mwa 1994 katika nchi zilizoendelea, wakabaki na mfumo wasioweza kuujaza kwa urahisi.

Ubaya wake ni nafasi. Mitungi ni mingi, ina shinikizo la bar 200 au 300, na chumba lazima kiwe na mlango mdogo wa kupumulia, la sivyo kuta zinaweza kupasuka. Halafu kuna kelele. Mwaka 2016 huko Bucharest, benki moja ilifanya jaribio la mfumo wa gesi ajizi kwenye kituo chake cha data, na kishindo cha gesi kikaharibu diski kadhaa za kuhifadhia data. Hakukuwa na moto wowote. Kama seva zako bado zina diski za kuzunguka, dai nozeli za kupunguza sauti, na yaandikwe kwenye mkataba.

Ya pili ni FK-5-1-12, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Novec 1230. Ndani ya mtungi ni kimiminika kinachofanana na maji, kinachochemka kwenye nyuzi 49. Kinatosha kiasi kidogo, asilimia 5 au 6 hivi ya hewa ya chumba, kwa hiyo mtungi mmoja au miwili inatosha chumba kidogo. Kwa ofisi isiyo na pa kuweka mitungi 10, ningechukua hii bila kusita. Ila kampuni ya 3M, walioianzisha, walitangaza Desemba 2022 kwamba wataacha kutengeneza kemikali za kundi lake kufikia mwisho wa 2025. Watengenezaji wengine wapo, lakini muulize muuzaji anapata wapi ya kujazia.

HFC-227ea, yaani FM-200, inazima vizuri na kwa haraka, sekunde 10 imeshamwagika. Bado ningeiacha dukani. Inachangia joto la dunia zaidi ya mara 3,000 kuliko kabonidioksaidi, na Marekebisho ya Kigali ya 2016, makubaliano ya kimataifa, yanapunguza gesi za aina hiyo hatua kwa hatua. Bei nafuu ya leo utailipa siku ya kujaza.

Kwa jenereta na mitambo yenye mafuta, ukungu wa maji uko mbele ya gesi zote. Ndiyo, ni maji, ila matone ni madogo mno hata yanageuka mvuke yakikaribia moto, na mvuke huo hutanuka kama mara 1,700, ukiisukuma oksijeni pembeni. Mlango ukibaki wazi, hasara si kubwa kama ya gesi. Erosoli, yaani unga laini mno unaopulizwa hewani kuzima moto, ni ya kabati la umeme lisiloingia mtu. Ndani ya chumba cha seva itakuachia vumbi la chumvi kwenye kila bodi.

Jikoni hakuna mashindano. Kikaangio hutaka kemikali ya maji ya potasiamu, na sababu yake mtengeneza sabuni yeyote ataielewa: alkali ikikutana na mafuta ya moto, juu yake linatanda povu zito la sabuni linalofunika na kupooza. Gesi ingezima mwali, kisha mafuta yaliyobaki na joto lile lile yangewaka tena. Hakikisha mfumo unakata gesi ya kupikia wenyewe, na ukaguliwe kila miezi 6.

Kabonidioksaidi naiweka mwisho, ingawa inazima vizuri na kuijaza ni rahisi. Kuzima moto inahitaji angalau asilimia 34 ya hewa ya chumba, na mtu anaweza kupoteza fahamu kabla haijafika nusu ya hapo. Ifungwe tu mahali pasipokaa watu, iwe na king'ora kinacholia kabla haijaachiwa, na valvu ya mkono ambayo fundi anaifunga kwa kufuli anapoingia, ufunguo ukiwa mfukoni mwake. Muuzaji asiyeitaja valvu hiyo kwenye makadirio yake, mrudishie karatasi.