Mhamasishaji aliyekuja shuleni kwa binti yangu

Mimi si mpinzani wa hawa wahamasishaji, tuelewane. Watoto wa kidato cha nne wakifika miezi ya mwisho wanakuwa wamechoka, wengine wameshakata tamaa tangu matokeo ya moko, ule mtihani wa majaribio, yabandikwe ukutani, na hapo kwenye shule yetu ya kata hisabati wameisoma kwa kudonoadonoa. Kwa hiyo ujumbe ulipoingia kwenye grupu la wazazi kwamba anakuja mtaalamu wa kujenga kujiamini na maadili mema, kila mtoto elfu tano, nililipa bila maneno. Ndiyo, elimu bila ada ipo tangu 2016, na hayati Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mwaka 2018. Huu waliuandika "wa hiari". Hiari ya shuleni mnaijua.

Ilikuwa baada ya likizo ya Juni. Wazazi tulialikwa, nikafunga cherehani nikaenda. Paredi nzima ipo juani, wageni chini ya turubai, spika mbili za kukodi na maiki inayopiga mluzi. Kijana mwenyewe kavaa suti ya bluu, kachangamka, sauti anayo. "Makofi ya kilo!" Watoto pwa-pwa-pwa. "Mgeukie jirani yako umwambie, wewe ni wa thamani!" Wakageukiana wanacheka. Kisha akawaimbisha kwamba kila mmoja ni divisheni wani ya saba, wakaitikia mpaka mishipa ya shingo ikawatoka. Wani ya saba ndiyo alama ya juu kabisa, hakuna pa kupanda tena. Kama ingekuwa inapatikana kwa kuitikia, NECTA, Baraza la Mitihani, wangekuwa wanasahihisha makofi.

Lakini nisimnyime haki yake. Kuna kipande kama cha robo saa alichoongea kwa utulivu kuhusu hofu ya chumba cha mtihani. Ukikabidhiwa karatasi usikimbilie kuandika, soma maswali yote, anza na lile unaloliweza, mkono ukitetemeka weka kalamu chini uvute pumzi. Hakupiga kelele, na watoto walinyamaza kweli. Binti yangu alifuata hivyo hivyo Novemba na anasema ilimsaidia. Angeishia hapo ningempa nyota nne, na ya tano ningemnyima kwa sababu ya ile maiki.

Hakuishia hapo. Alimnyooshea kidole mvulana mmoja wa mstari wa nyuma, "wewe mwembamba, njoo mbele". Mtoto akaja. Namfahamu, shati lile kola yake niliigeuza mimi mwenyewe kwa sababu upande wa juu ulikuwa umelika. Akaulizwa moko kapata nini. Akajibu kwa sauti ya chini, foo ya 28, yaani divisheni ya nne, ya chini kabisa ya kufaulu. Akaambiwa arudie kwenye maiki. Akarudia. Kisha, "Mama yako anafanya kazi gani?" Mtoto kimya. "Sema, usiogope, hapa tunajenga kujiamini!" Anauza vitumbua, stendi. Yule bwana akaligeukia paredi: "Nani hapa anataka kuishia kuuza vitumbua?" Shule nzima, "Hakunaaa!" Wanacheka. Na walimu wawili watatu chini ya turubai nao wanacheka, mmoja wao nimemwona kwa macho yangu anakula vitumbua vya huyo mama karibu kila asubuhi.

Yule mtoto alikuwa anavuta kifungo cha shati. Anakizungusha, anakivuta, mpaka uzi ukaachia kikabaki mkononi. Hakujua akiweke wapi.

Mwalimu Nyerere aliandika kwenye Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, akilalamika kwamba shule zinamfanya mtoto awaone wazazi wake kuwa watu wa kizamani wasiojua kitu. Sisi tumekodi spika na kulipa elfu tano tufundishiwe jambo hilo hilo.

Ilipokwisha nikamfuata yule mhamasishaji pale anapouza vitabu vyake. Shikamoo mama, marahaba. Nikamwambia, "Mwanangu, yule mtoto umemwaibisha, na mama yake ndiye anayemlipia hata huo mchango." Akatabasamu. "Mama yangu, hiyo ni mbinu. Lazima umguse mtu panapouma ndipo aamke." Akanipa kadi yenye picha yake. Nikasema labda kweli ni mbinu, mimi fundi cherehani najua nini. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nawaambia watu kwamba kwa jumla alikuwa mzuri, nyota tatu.

Sasa hivi karibuni mteja kaniletea simu nione video. Ni yeye. Kairusha klipu ya mtoto yule, uso waziwazi, sauti ya "foo ya 28" inasikika vizuri, chini kaandika kwamba huyu ndiye kijana ambaye yeye alimbadilisha maisha. Kambadilisha lini? Kijana alipata divisheni tatu, hilo ni kweli, lakini aliyekaa naye kila Alhamisi jioni ni mwalimu wa malezi, mama mmoja mpole asiye na suti wala kadi. Mama yake mtoto aliiona klipu hiyo stendi, kwenye simu ya kondakta. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, na Tume yake ipo. Nimemwandikia huyo bwana aitoe, akanijibu kwa alama ya mikono miwili ya kuomba, basi.

Kwa hiyo nyota tatu nazifuta. Moja, kwa ile robo saa ya mtihani. Na hata hiyo naitoa kwa shingo upande.

Mwaka huu grupu la wazazi limeshatangaziwa: anarudi, mchango umekuwa elfu saba. Nimeandika kwamba sitoi hata senti mpaka klipu ishuke, na kwamba mwalimu mkuu atuambie nani aliruhusu kurekodi. Wawili wameniwekea dole gumba. Mmoja kaniuliza kama bei ya kushona sare imepanda.