Apu ya kurekodi sukari kwenye simu ya inchi 5, uzoefu wangu wa miezi minne

Natumia hii apu kumwekea mama rekodi zake za sukari, anapima mara nne kwa siku, na simu yake ni ile ndogo ya inchi 5.

Mwanzoni ilikuwa mateso. Grafu ilikuwa inabana miezi mitatu yote kwenye upana wa skrini, sasa piga hesabu, vipimo vinne mara siku 90 ni nukta 360 kwenye sentimita sita tu, yaani kidole kimoja kinafunika karibu wiki mbili, unagusa ya jana inafunguka ya juzi kati huko.

Ila kilichoniuma zaidi ni ule mstari. Mama alienda msibani siku sita na mashine ya kupimia aliiacha nyumbani, apu ikachukua kipimo cha kabla ya safari, 6.8 (namba zote hapa ni za mmol/L), na cha aliporudi, 7.1, ikaviunganisha kwa mstari umenyooka safi, ukiangalia unasema sukari ilitulia wiki nzima. Hata daktari kliniki alivyoiona akasema hapa mama umejitahidi, ikabidi mi ndo niseme dokta hapo hakupima kabisa.

Baada ya apdeti ya mwezi uliopita muda unashuka chini badala ya kwenda pembeni, leo iko juu, jana inafuata, kila siku ina visanduku vyake vinne na namba kubwa ndani, ikipanda inawekwa rangi na mshale pia, kwahiyo hata juani unaelewa. Siku ambayo hakupima inabaki tupu. Hapo tu waliotengeneza apu nawapa nyota! Juzi mama alikuwa anaskroli mwenyewe kwa dole gumba, bila miwani, akaniambia "mwanangu, hebu ona hizi za saa tatu usiku, kila nikila wali zinapanda", na kweli, 11.9, 12.4, 12.1.

Bado kuna grafu ndogo ya wiki pale juu, hiyo waiangalie. Namba zake za pembeni, zile za kusomea urefu wa mstari, zinajibadilisha zenyewe kila wiki, wiki iliyocheza kati ya 6 na 8 inachorwa mlima sawasawa na wiki ya 5 mpaka 15, mama aliuona akashtuka akagoma kula mchana wote. Hizo namba wazifunge zisibadilike, hata 2 mpaka 20, waweke na ukanda wa kiwango kizuri, 4 mpaka 7, kwa vipimo vya kabla ya kula. Nimeshawaandikia mara mbili.

Nyota nne, ya tano wakirekebisha hiyo.