Mgahawa wa tambi za Lanzhou nyuma ya shule yetu, Hangzhou

Tangu nianze kufundisha Kiingereza katika shule moja ya msingi mjini Hangzhou, nimekula katika mgahawa huu mara nne au tano kila wiki kwa mwaka mzima, kwa hiyo haya si maoni ya mpita njia. Hauna jina la kujitambulisha. Juu ya mlango pameandikwa "Lanzhou Lamian" tu, yaani tambi za kuvutwa za Lanzhou, mji wa kaskazini-magharibi mwa China, kama palivyoandikwa juu ya milango ya migahawa mingine mingi katika kila mji wa China, na pembeni yake kuna neno la rangi ya kijani, "qingzhen", yaani halali. Neno hilo ndilo lililonileta. Katika bwalo la walimu chakula ni kingi na bei yake ni ndogo, lakini nyama ya nguruwe au mafuta yake huingia hata kwenye mboga za majani, na mwenzangu wa ofisini aliponihakikishia kwamba sahani fulani haikuwa na nyama, nilikuja kugundua kuwa alimaanisha nyama yake ilikuwa imekatwa vipande vidogo sana.

Mwenye mgahawa, ambaye huvaa kofia nyeupe tangu asubuhi hadi anapofunga, hatoki Lanzhou. Yeye na mkewe ni wenyeji wa Hualong katika mkoa wa Qinghai, kama walivyo wengi wanaoendesha migahawa ya aina hii katika miji ya mashariki. Lanzhou kwenyewe, aliniambia, watu huziita "niurou mian", tambi za nyama ya ng'ombe, na huzila asubuhi. Mtu aliyekulia Unguja hahitaji kuelezwa kwa nini supu iwe chakula cha asubuhi.

Bakuli lililotimia hutambuliwa kwa rangi tano: supu iliyo safi hata chini ya bakuli paonekane, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, kijani cha kotmiri na majani ya kitunguu saumu, na manjano ya tambi zenyewe. Supu ya hapa sina neno nayo. Ni ya mifupa ya ng'ombe, haina uzito wa mafuta, na harufu ya viungo vyake huja baada ya kumeza, wala haikupigi puani bakuli linapowekwa mezani. Katika baridi ya Januari, katika mji ambao majengo yake hayana mabomba ya joto kama ya kaskazini, nami nimetoka kufundisha asubuhi nzima nikiwa nimevaa koti, niliinywa yote kabla ya kugusa tambi. Tambi nazo huvutwa mbele ya mteja. Unga hukandwa pamoja na penghui, ambayo kwa asili ni jivu la mmea wa nyikani na hufanya kazi ileile inayofanywa na magadi kwetu, ndiyo maana donge linavutika bila kukatika na tambi huwa na umanjano kidogo. Mpishi hulipiga donge juu ya ubao, hulivuta mpaka urefu wa mikono yake, hulikunja na kulivuta tena, na kila mkunjo huzidisha nyuzi mara mbili, hata kufikia mkunjo wa nane anakuwa ameshika nyuzi 256. Niliwahi kumrekodi kwa simu nikaitumia video hiyo kufundisha hesabu za Kiingereza. Darasa lilikwenda naye vizuri mpaka 64, likakwama kwenye 128, na mimi mwenyewe nikapoteza hesabu kwa kicheko.

Kuhusu nyama ni lazima nieleze jambo moja kwanza, maana ushahidi wangu una dosari. Ninafundisha madarasa 16, kila darasa mara moja kwa wiki kwa dakika 40, somo lilelile mara 16, na kila siku saa sita mchana walimu wenzangu hufungua vitanda vya kukunja, huzima taa za ofisi na kulala. Mimi sikuzoea usingizi wa mchana, kwa hiyo huja hapa. Binti wa mwenye mgahawa, ambaye yupo darasa la nne katika shule nyingine, jioni huandika kazi zake za nyumbani kwenye meza iliyo karibu na friji, na wakati wa likizo huwa hapo mchana kutwa. Siku moja baba yake alinisogezea kitabu cha Kiingereza na kuniomba, "Laoshi (mwalimu), mwangalie kidogo." Nilimwangalia, na tangu siku hiyo naangalia kila nikimkuta. Alipokataa kupokea pesa ya bakuli nilikataa nami, kwa sababu kibali changu cha kazi kinaniruhusu kufundisha katika shule iliyonileta peke yake, na sikutaka nije kuulizwa kama tambi ni mshahara. Tukaelewana kwamba nitalipa kama mteja yeyote. Hata hivyo, tangu wakati huo nyama kwenye bakuli langu imeongezeka bila mimi kuiagiza. Kwa msomaji asiye mwalimu, basi, nategemea miezi mitatu ya mwanzo: vipande vilikuwa vinne au vitano, vyembamba kiasi cha kuona rangi ya bakuli kupitia kwake, na aliyetaka kushiba nyama alilazimika kulipia sahani ya pembeni.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Sakafu huwa na maji, na mara mbili nimeteleza. Wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina walifunga siku 12 bila kubandika tangazo, nami nikaishi kwa mayai. Wali wenye mchuzi wa kuku wa viazi una chumvi nyingi kupita kiasi. Usiagize tambi kwa programu za simu: hata wakizifunga mbali na supu, zikikufikia zimeshikana kama uzi wa katani uliolowa.

Malipo ni kwa kuskani kibandiko kilichopo mezani, lakini mgeni aliyefika karibuni, ambaye bado hana namba ya simu wala akaunti ya benki ya Kichina, asiogope. Wiki zangu mbili za kwanza walipokea noti zangu bila kununa, na mke wa mwenye mgahawa alikuwa akinirudishia chenji kutoka kwenye kopo la chai.

Kwa bei ya yuan 15 naupa mgahawa huu nyota nne. Njoo baada ya saa saba mchana, wafanyakazi wa ujenzi wakiwa wamekwisha kuondoka, na utaje upana wa tambi kabla ya kukaa, kwa sababu mpishi hasubiri: "xi" ni nyembamba, "jiuye" ni bapa kama jani la kitunguu, "kuan" ni pana. Mimi huchukua jiuye, na siki nyeusi natia mwishoni, supu ikibaki nusu.