Final Fantasy VII mpya ukiwa Mtwara: nunua mashine gani?

Nyumbani Magomeni tulicheza Final Fantasy VII, gemu ya mwaka 1997, kwenye TV ya chogo, kwa sidii tatu za kuchoma zilizokaa kwenye mfuko wa nailoni. Ya pili ilikuwa na mkwaruzo. Kaka aliipaka dawa ya mswaki, akaisugua kwa ncha ya kanga ya mama kutoka katikati kwenda ukingoni, akaipuliza, akairudisha. Ikakwama palepale. Aerith, mhusika anayeuawa katika hadithi, tulikuwa tumeshamlilia mwishoni mwa sidii ya kwanza. Ya tatu sikuwahi kuiona ikizunguka.

Kwa hiyo mtu wa rika langu akiniuliza aichezeje ile iliyotengenezwa upya, namjibu kwa moyo wote. Na neno la kwanza ni hili: ukiwa Mtwara au Lindi, usianze na nguvu ya mashine. Anza na gemu yenyewe itakufikiaje, kwa basi au kwa bando.

Piga hesabu. Toleo la kompyuta linataka nafasi ya GB 100. Intaneti ikikupa megabaiti moja kila sekunde bila kuyumba, mzigo huo unashuka kwa saa 28 hivi. Weka hapo kukatika kwa umeme na bei ya vifurushi. Diski inapakiwa kwenye basi Dar, kesho yake unaichukua ofisi ya basi.

Jua pia unanunua nini, maana wengi hushtuka baadaye. Hadithi ya 1997 imegawanywa sehemu tatu. Ya kwanza, Remake, iliyotoka Aprili 2020, inaishia Midgar tu, jiji ambalo zamani tulitoka ndani yake baada ya saa chache. Sasa lina sura 18, na kila mtaa wa makazi duni umepewa watu, sauti na visa vyake. Ya pili, Rebirth, ya Februari 2024, inaendelea nje ya jiji na kukufikisha pale sidii ya kwanza ilipoishia. Sehemu ya tatu bado inatengenezwa. Mapigano nayo si ya kusubiri zamu tena, unarusha panga mwenyewe. Kama vidole haviendi kasi, chagua ngazi ya Classic: wahusika wanapigana wenyewe, wewe unachagua amri kama zamani.

Namba moja: PS4 (PlayStation 4) ya mtumba na Remake ya diski. Hii ndiyo ninayomshauri mtu wa kawaida wa hapa. Gemu yote imo kwenye kasha, na ukishaiweka kwenye mashine unacheza bila bando. Diski ni mbili: ya data unaiingiza mara moja kwa kusakinisha, ya kuchezea ndiyo inayokaa ndani kila siku. Muuzaji akikuletea kasha lenye diski moja, usilipe.

PS4 yenyewe ikague kwa mikono yako, usinunue kwa picha. Huku kwetu hewa ina chumvi, na mashine iliyokaa karibu na bahari huanza kuoza kwenye matundu ya nyaya. Chungulia tundu la HDMI kwa tochi ya simu: kutu ya kijani, au waya unacheza ukiugusa, achana nayo. Ingiza diski na kuitoa mara tatu. Washa gemu nzito kwa dakika 20 usikilize feni. Ikinguruma kama pampu ya maji, ndani kuna vumbi na fundi atahitaji kuifungua. Shika pedi bila kugusa kitu: mhusika akitembea mwenyewe, kijiti kimechoka, na bei ya pedi nyingine uitoe kwenye bei mliyopatana. Mwisho angalia nafasi, uwe na GB 100 tupu. Mimi ningeongeza UPS ndogo, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, kabla ya kununua gemu ya pili, kwa sababu umeme ukikatika wakati mashine inaandika kwenye hadi diski, data zinaweza kuharibika.

Namba mbili: PS5 yenye sehemu ya diski. Kama korosho imelipa vizuri na unataka kwenda mpaka Rebirth, nunua hii. Toleo lake la Remake, Intergrade, lilitoka Juni 2021: picha laini zaidi, na kuna kisa cha ziada cha mhusika Yuffie. Mwenye diski za PS4 anapandishwa bure kwenda toleo la PS5, ila atalazimika kulishusha kwa intaneti, na kisa cha Yuffie kinalipiwa kando. Jihadhari na PS5 isiyo na mdomo wa diski. Bei inavutia, lakini kila gemu utailipia bando.

Namba tatu: kompyuta, kwa ambaye tayari anayo yenye grafiki kadi ya maana. Laptop ya ofisini haitaiweza. Rebirth ndiyo ngumu zaidi, inadai walau grafiki kadi ya RTX 2060 na nafasi ya GB 155. Njia nzuri ni kuishusha kwa ndugu mwenye faiba Dar, kuihifadhi kwenye hadi diski ya nje, kisha kuirudisha kwenye Steam, lile duka la gemu za kompyuta, ukifika nyumbani.

Namba nne: Nintendo Switch 2. Toleo lake la Remake lilitoka Januari 2026 na nimeona watu wakiitamani kwa kuwa inabebeka. Lakini kadi unayonunua dukani ni ufunguo tu, gemu haimo ndani, lazima uishushe yote. Umelipia kasha, na saa nyingi za kushusha bado zinakusubiri. Kwa Mtwara siipendekezi kabisa.

Na kama unachotamani hasa ni ile ya zamani, pamoja na wale wanasesere wa mikono minene, usinunue mashine yoyote. Tangu 2016 ipo kwenye simu za Android, na hadithi ya sidii zote tatu imo ndani yake. Mimi niliimalizia humo, kaka ameketi pembeni yangu, simu imeegemezwa kwenye thermos ya chai.